Turudi bwawani Oktoba

Sufuria yangu kubwa, ile ya kupikia ubwabwa wageni wakija, haina mfuniko. Mfuniko wake uko shuleni, ndani ya kabati la maabara. Umepakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo robo, umetobolewa katikati, umefungwa kamba ya katani yenye fundo kila baada ya sentimita 10, na chini yake linaning'inia jiwe la ukubwa wa ngumi ili uzame moja kwa moja. Mume wangu alipouliza ulikokwenda nilimwambia uko kazini, unapima maji. Akanitazama, akaendelea kula.

Wazo si langu. Mwaka 1865 padri mmoja wa Kiitalia, Angelo Secchi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza nyota, alipanda meli ya Papa katika Bahari ya Mediterania akawa anashusha sahani majini na kuandika inapotelea kina gani. Maji yakiwa na tope au mwani mwingi, sahani inapotea mapema. Yakiwa maangavu, unaiona mpaka mbali chini. Hadi leo watafiti wa maziwa, hata wale wenye mitambo ya mamilioni, hawaachi kushusha sahani hiyo. Mtoto wa kidato cha pili anaielewa kwa dakika mbili. Anayeumia ni mwenye sufuria peke yake.

Nafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari ya kata huku Kidatu. Mimi ni mwenyeji, baba yangu alikuwa mkata miwa, nami nimekulia kwenye nyumba za wafanyakazi ambako msimu wa kuchoma mashamba majivu meusi yanadondokea hadi kwenye uji. Wageni wanaijua Kidatu kama mahali pa kupita. Reli ya TAZARA inakutana hapa na tawi la reli ya kati linalotoka Kilosa, na kwa kuwa moja ina upana wa milimita 1,067 na nyingine 1,000, hakuna behewa la upande mmoja linaloweza kuendelea upande wa pili. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Sukari inatoka hapa inakwenda. Umeme unatoka hapa unakwenda. Maji yenyewe yanafika, yanasukuma mitambo, yanaondoka. Labda ndiyo maana hata sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kuamini kwamba vya kusoma viko kwingine.

Nieleze nina maana gani. Kila mwaka shule nyingi za bonde hili zikifanikiwa kupata safari ya mafunzo, basi linaelekea Mikumi. Sina ugomvi na Mikumi. Hifadhi ile ipo tangu 1964, tembo wake wanaonekana hata barabarani, na mtoto ambaye hajawahi kumwona tembo anastahili kumwona. Lakini safari hizo nimezisimamia mara nyingi na najua zinavyokwenda. Saa nne asubuhi wanafunzi wako madirishani wanapiga kelele. Saa sita jua limekuwa kali, wanyama wameingia kivulini, na watoto wamelala. Saa kumi tunarudi. Wiki inayofuata nawaambia wachore mtandao wa chakula wa mazingira wanayoyajua, nami nasahihisha madaftari 80 yenye nyasi, swala na simba. Watoto hao hao jana usiku wamekula perege. Asubuhi wamevuka mfereji wenye konokono, na njiani wamemkuta mdiria juu ya waya anavizia visamaki. Hakuna hata mmoja aliyemchora mdiria.

Nikimuuliza mwanafunzi kwa nini hakumchora, ananiambia: "Madam, huyo si wa kwenye kitabu."

Ndipo nilipoanza kupigania safari ya bwawani. Bwawa la Kidatu liko pua na mdomo na shule yetu, lakini katika kidato kizima cha wanafunzi 80 na ushei waliowahi kulifikia walikuwa wanne, na wawili kati yao ni kwa sababu baba zao wanafanya kazi huko. Barua ya kibali nilianza kuiandika Januari, tukajibiwa baada ya majuma matatu, na silalamiki. Bwawa la umeme si uwanja wa mpira. Mlinzi ana haki ya kujua nani anaingia na kwa nini. Tulipeleka orodha ya majina, tukaahidi kutopiga picha mahali palipokatazwa, tukakubaliana ni ukingo upi tutakaosimama. Tukakodi Kosta moja iliyokwenda na kurudi mara mbili. Ilikuwa Aprili.

Safari ile ilikuwa mbaya. Nasema hivyo kwa sababu makala nyingi za walimu kuhusu safari za mafunzo zinasomeka kama taarifa kwa mgeni rasmi. Manyunyu yalikuwa yanakatika na kurudi. Tulisimama ukingoni, mbele yetu maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande wa pili mlima na msitu wa Udzungwa ukiwa na ukungu kifuani. Nilishusha mfuniko wangu. Ukapotea kabla ya fundo la tatu. Tukachota maji kwa kata nyeupe ya plastiki, tukahesabu vilivyokuwamo: karibu hakuna. Tukaandika joto la maji kwa kipimajoto cha maabara. Tukahesabu ndege: mnandi watatu na furukombe mmoja ambaye tulimsikia tu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye darasani huwa na swali kila dakika, aliniuliza akiwa amekunja mikono: "Madam, sasa tumekuja kuona nini? Maji tu."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aandike. Akaandika "maji tu", daftari lake ninalo.

Tulirudi Oktoba. Safari hii mwalimu mkuu hakuitaka, na nitasema baadaye kwa nini alikubali. Ukingo ni uleule, na wanafunzi ni walewale isipokuwa watano. Kabla hata sijafungua mfuko wa vifaa, yule kijana wa "maji tu" akasema kwa sauti: "Kha! Jiwe letu limepanda." Jiwe tulilokuwa tumekalia Aprili, ambalo mguu mmoja wa mtu ulikuwa unakaribia kuloa, sasa lilikuwa juu kwenye mteremko, na kati yake na maji kulikuwa na mkanda mpana wa udongo uliopasukapasuka, wenye nyayo za ndege na makombe ya konokono yaliyokauka meupe. Mfuniko ulishuka mpaka fundo la tisa ndipo ukafifia. Kata ilipotoka na maji ilikuwa na vijidudu vinavyorukaruka, na watoto walianza kugombania kuhesabu. Matete yalikuwa na kereng'ende. Mnandi hawakuhesabika tena. Binti mmoja aliacha kwenye 40.

Sikufundisha siku ile. Walikuwa wanabishana wao kwa wao. Maji yamekwenda wapi? Yametumika kwenye umeme. Basi mbona Aprili umeme ulikuwepo na maji yalikuwepo? Kwa sababu ya mvua. Mvua ya wapi, mbona hapa Agosti ilinyesha kidogo? Tope limekwenda wapi? Limezama. Likizama kila mwaka, bwawa si litajaa? Swali hilo la mwisho wahandisi wa mabwawa duniani kote wanalipwa mishahara kulishughulikia, na lilitoka kwa mtoto wa miaka 15 aliyekuwa ameshika ndoo.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na ni ndogo. Safari ya mwanafunzi kwenda kusoma maji iwe ya karibu, na iwe ya mara mbili. Kama fedha inatosha safari moja ya mbali, igawanywe iwe mbili za jirani. Kama haitoshi hata hiyo, watu watembee kwa miguu hadi mfereji wa karibu, kisha warudi palepale baada ya miezi sita. Aprili ile hatukuona kitu kwa sababu hatukuwa na cha kulinganisha nacho. Jiwe halikuwa limepanda bado.

Mwenzangu wa Jiografia alinipinga ofisini, na kupinga kwake kulinifaa. Alisema bwawa si ziwa. Ukitaka kufundisha ikolojia ya ziwa uwapeleke watoto Kyela, Mwanza au Kigoma, usiwadanganye kwa maji ya TANESCO. Ana haki. Kiswahili chenyewe kinatofautisha: ziwa, bwawa, lambo, kidimbwi, kinamasi, kila kimoja na tabia zake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji ya chini huko hayana oksijeni kabisa. Tone likiingia humo linaweza kukaa karne kabla ya kutoka. Bwawa la Kidatu linabeba kama mita za ujazo milioni 125 tu, maji yanaingia upande huu na upande ule yanavutwa kwenye handaki linalokaribia kilomita 10 ndani ya mwamba kwenda kuzungusha mitambo. Ni nusu ziwa na nusu mto. Lakini hiyo ndiyo sababu naliona linamfaa mwanafunzi kuliko Tanganyika. Ziwa kubwa linabadilika taratibu kiasi kwamba mtu anaweza kuzeeka akilitazama. La kwetu linabadilika kati ya muhula wa kwanza na wa pili.

Tena linamlazimisha mtoto aangalie juu ya mto. Huwezi kuelewa ukingo ule wa Oktoba bila ramani. Ruaha Mkuu unaanzia nyanda za Mbeya na Usangu, unapita kinamasi cha Ihefu, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma, ndipo unashuka kwetu, ukiwa umepokea Lukosi na Yovi njiani. Kituo cha Kidatu kilianza kufua umeme 1975, awamu ya pili ikakamilika 1980 na kukifikisha megawati 204, na mwaka huohuo 1980 Mtera ilikamilika kama ghala la kutuhifadhia maji ya kiangazi. Ghala hilo linategemea Usangu. Kuanzia 1993 mto ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, mto ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima. Mashamba ya mpunga ya juu, mifereji isiyofungwa baada ya mavuno, mifugo kwenye kinamasi: kila mmoja ana wa kumlaumu, na wengi wa wanaolaumiwa ni wakulima wadogo kama wajomba zetu. Mwaka 2006 Mtera iliposhuka, nchi nzima iliingia mgawo wa umeme. Nilikuwa nasahihisha mitihani kwa kibatari kilomita chache kutoka mitambo ya umeme.

Wanafunzi wangu walicheka nilipowasimulia hilo. Kisha mmoja akasema: "Kwa hiyo, Madam, mkulima wa Mbeya akifungua mfereji, jiwe letu linapanda." Sikumsahihisha. Kuna Mtera katikati, kuna ratiba ya mitambo, kuna mvua. Lakini alikuwa ameshaunganisha vitu viwili vilivyo mbali kwa mamia ya kilomita, na hakuvipata kwenye kitabu.

Sasa niseme kuhusu kitabu. Masomo ya sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Mtoto anakariri majina ya mzalishaji, mlaji wa kwanza na mlaji wa pili katika lugha ambayo hajawahi kuitumia kununulia samaki. Wakati huohuo nyumbani anajua kwamba kambale anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu, anajua ngogo anachoma na analia ukimshika. Maarifa hayo mawili hayasalimiani. Baada ya safari ya kwanza nilimwomba mzee mmoja Mndamba, aliyevua mto Kilombero upande wa Ifakara tangu ujana na sasa anaishi kwa binti yake jirani na shule, aje darasani. Watoto walisimama: "Shikamoo, babu." "Marahaba, wajukuu. Kaeni." Alikataa kiti, akachuchumaa.

Mzee yule hakusoma shule zaidi ya miaka mitatu. Alieleza kwamba mvua za kwanza zikilainisha bonde, kambale wanaacha mto na kupanda kwenye majani yaliyofurika kwenda kutaga, na mvuvi mwenye akili anatega migono mahali maji yanapoingilia, lakini asizibe njia yote, la sivyo mwakani atatega hewa. Alieleza perege jike anavyobeba mayai mdomoni na kwa nini siku hizo hali chambo. Alisema kitoga ni jambazi, ukimwona ujue visamaki vipo. Nilikuwa naandika ubaoni kwa Kiingereza kila alichosema, na kwa dakika 40 mada nzima ya uhusiano wa viumbe ikawa imekwisha, nami nilikuwa nimeitengea vipindi sita. Binti mmoja akamuuliza kama bonde limebadilika. Akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu, zamani mafuriko yakija tulishangilia. Sasa yakija tunahama." Hakufafanua na sikumlazimisha. Bonde la Kilombero liko kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2002. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia mzee huyo.

Ukitaka mfano wa watu waliorudi palepale, uko Mwanza. Kuanzia 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, wengi wakiwa wanafunzi wa shahada, walikuwa wanavuta wavu katika mstari uleule wa Ghuba ya Mwanza, mara kwa mara, wanahesabu furu. Furu walikuwa wamejaa ziwani, spishi mamia, kiasi kwamba wavuvi waliwaona uchafu wa nyavu. Kazi hiyo ingeonekana ya kuchosha kwa yeyote aliyepita siku moja: wavu unashuka, unapanda, furu wanahesabiwa. Kisha miaka ya themanini sangara akaongezeka ghafla katika ghuba hiyo, na wavu uleule kwenye mstari uleule ukaanza kupanda bila furu. Kama wangekuwa wamekwenda mara moja mwaka 1986, wangeandika kwamba Ziwa Victoria ni ziwa la sangara. Tunajua kilichopotea kwa sababu kuna mtu alikuwa na daftari la 1979.

Na hapa kwetu tunaye chura wa Kihansi, ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa utani wa bungeni. Chura huyo mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi tu, katika eneo la hekta chache, mlimani mwetu huku huku Kilombero. Aligunduliwa 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme tayari unaendelea. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo rasharasha zikapungua, vikafungwa vinyunyizio, ikaja kuvu inayoua vyura, na 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Aliyebaki alikuwa yule aliyepelekwa kutunzwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na tangu 2012 vizazi vyake vimekuwa vikirudishwa Kihansi. Watu hubishana kama taifa lilifanya vyema kugharamia chura. Mimi swali langu ni jingine: miaka yote kabla ya 1996, watoto wa shule za Chita na Mlimba walipelekwa wapi kwa safari ya mafunzo?

Narudi kwa mwalimu mkuu wangu, maana nimeahidi. Sababu zake za kukataa hazikuwa za kipuuzi. Ya kwanza ni usalama. Hakuna mkuu wa shule Tanzania aliyesahau ajali ya Karatu ya Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Kila akisaini karatasi ya basi mkono unakumbuka. Bwawani kuna mamba na viboko, na maji yaliyotulia yana konokono wa kichocho. Haya yote ni kweli, na nilimjibu kwa vitendo: hakuna mguu unaoingia majini, anayechota ni mwalimu mwenye buti za mpira na glavu, kamba imefungwa ukingoni kama mpaka, na kabla ya kusogea tunasimama dakika tano tukitazama maji bila kusema neno. Dakika hizo tano, kusema kweli, ndizo zilizowafundisha watoto kutazama. Na kichocho nilikigeuza kuwa somo: kimelea anatoka kwa mtu, anaingia kwa konokono, anarudi kwa mtu, ni mtandao wa chakula ambao mwanafunzi mwenyewe ni mojawapo ya nyuzi zake. Kuhusu barabara, kilomita chache ni hatari ndogo kuliko kilomita nyingi. Hilo lilimtuliza kuliko yote.

Sababu ya pili ni fedha. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kuchangisha wazazi ni jambo la vibali na maneno. Nilikaa na mhasibu tukapiga hesabu: kosta, mafuta, chakula cha mchana na viingilio vya safari moja ya mbali vilitutosha safari mbili za bwawani, na ikabaki ya soda na maandazi. Mwalimu mkuu aliiangalia ile hesabu mara mbili. Alikubali kwa sababu ya maandazi, au ndivyo tunavyomtania.

Ya tatu ndiyo ngumu: mada zitaisha lini? Mtihani wa taifa hauulizi jiwe limepanda kiasi gani. Nakiri mwaka ule nilichelewa juma moja na nusu kumaliza mada za muhula. Serikali imetoa Sera ya Elimu, toleo la 2023, inayotaka mwanafunzi ajue kutenda badala ya kukariri, na mtaala mpya umeanza kuingia madarasani. Vizuri. Lakini ratiba ya vipindi ninayopewa bado ni ya mtu anayekariri. Nikipewa kuchagua badiliko moja, sitaomba vifaa vya maabara kutoka nje. Nitaomba siku mbili kwa mwaka, moja wakati wa masika na moja kiangazi, ambazo kalenda ya shule inazitambua kama inavyozitambua siku za mitihani, na daftari moja la shule linalobaki kabatini wanafunzi wakihitimu. Kidato cha pili cha mwaka huu kiandike chini ya mistari ya cha mwaka jana. Baada ya miaka 10 shule ya kata ya Kidatu itakuwa na kitu ambacho hata wizara itakuja kukiomba, na kitakuwa kimegharimu daftari, kamba na mfuniko.

Watu wa Ifakara wasiseme hili haliwahusu. Wana taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, na wataalamu wake kila wiki wako kwenye madimbwi ya bonde wakichota viluwiluwi vya mbu kwa kata na kuhesabu, kwa sababu mbu hatari zaidi wa eneo lile hupenda maji yanayodumu kiangazi kizima. Kata wanayotumia haina tofauti kubwa na yangu. Mwanafunzi anayetembea dakika 10 hadi dimbwi la nyuma ya shule, akachota Machi na akachota tena Septemba, anafanya kazi ya aina ileile. Wa Mang'ula na Sanje wana vijito vinavyoshuka kutoka mlimani, maangavu kiasi kwamba mfuniko wangu usingepotea kabisa. Wangehitaji kupima kitu kingine, labda wadudu waliojificha chini ya mawe. Wa Malinyi na Mlimba wana kinamasi cha Kibasila na mito isiyohesabika. Hakuna shule katika bonde hili iliyo mbali na maji. Zipo zilizo mbali na Mikumi.

Yule kijana wa "maji tu" yuko kidato cha nne sasa. Juzi alikuja mlango wa ofisi akauliza, akijifanya anapita tu, kama kidato cha pili cha mwaka huu kimeshakwenda. Nikamwambia barua ya kibali bado haijajibiwa. "Madam, mvua zimeanza. Mkichelewa mtakuta tope limeshuka." Akataka kujua kama anaweza kwenda kuwaonyesha jiwe. Nimemwandika kwenye orodha, namba 47, chini ya walimu.

Mfuniko umepata kutu pembeni lakini rangi inashika. Jumapili hii nina wageni wanne kutoka Kilosa, na ubwabwa nitaufunika kwa sinia.